Hesabu ya Moshi wa Kompyuta na Daftari la Katibu

(Maelezo yaliyotolewa na mtunza hesabu wa Chama Kikuu mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wilaya za Mbulu na Hanang, waliokutana Katesh. Yanachapishwa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo baadhi yenu mmekwisha kuliona juu ya meza zenu, ingawa halikuja na jina lake. Msimu uliopita vyama vyetu vitatu vilipokea barua kutoka kwa wanunuzi wa dengu na mbaazi. Pamoja na tani na daraja la zao, barua hizo ziliomba habari za lita za dizeli zilizotumika katika mashine na magari ya chama, na umeme uliotumika ghalani. Tena ziliomba ruhusa ya kwamba programu ya mnunuzi iwe inazichukua hesabu hizo yenyewe, kila mwezi, moja kwa moja kutoka katika kompyuta ya chama. Katibu mmoja alinipigia simu akaniuliza: "Mtu anayenunua dengu ana haja gani na dizeli yangu?" Swali hilo ndilo lililonileta hapa leo, na sikuweza kulijibu siku ile.

Haja yake ni hii. Kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na kwingineko hutoa kila mwaka taarifa ya gesi zinazoongeza joto la dunia, ambazo shughuli zao zimezitoa hewani. Baadhi hufanya hivyo kwa sheria. Jumuiya ya Ulaya ilipitisha agizo lake la taarifa hizo mwaka 2022, ingawa tangu 2025 imekuwa ikiyalegeza masharti yake. Nyingine hufanya hivyo kwa sababu wenye hisa na mabenki wanadai. Utaratibu unaofuatwa na wengi ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 2001, na hugawa hesabu katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kile ambacho kampuni imekichoma yenyewe, kama vile mafuta ya magari yake. Fungu la pili ni umeme ilioununua. Fungu la tatu ni yote yaliyotendwa na watu wengine kwa ajili yake: waliolima, waliosafirisha, waliohifadhi. Dengu zetu zimo katika fungu la tatu la mnunuzi. Na kompyuta anazozikodi kwa watu wengine, huko ziliko, aghalabu zimo humo pia. Ndiyo maana dizeli ya mashine ya kusaga ya Dongobesh na umeme wa jumba la kompyuta la Frankfurt huweza kukutana katika ukurasa mmoja wa taarifa moja.

Ndugu Mwenyekiti, nataka nikae kidogo juu ya hizo kompyuta za kukodi, kwa sababu hesabu yake imetangulia kukabidhiwa mashine. Tukiona yaliyotokea huko tutajua yatakayotokea kwetu mashine hiyo itakapofika katika daftari la lita za dizeli.

Wataalamu huuita ukodishaji huo "wingu". Kwa mkulima wa Hanang wingu ni mvua, kwa hiyo jina hili limewapotosha wengi. Hata mimi nilidhani zamani kwamba habari zetu zinaelea mahali fulani angani. Zinakaa ndani ya majumba makubwa yenye maelfu ya kompyuta zisizo na vioo wala vibonyezo, zinazowaka usiku na mchana, na zinazopozwa kwa feni na maji ili zisiungue. Kampuni tatu za Marekani, Amazon, Microsoft na Google, ndizo zinazokodisha sehemu kubwa zaidi. Barani Afrika, Microsoft ilifungua majumba yake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 majumba ya namna hii duniani kote yalitumia umeme wapata kilowati-saa bilioni 415, yaani kiasi cha asilimia moja na nusu ya umeme wote wa dunia. Hiyo ni zaidi ya mara ishirini ya umeme wote unaozalishwa Tanzania kwa mwaka.

Basi kampuni inayokodi sehemu ndogo ya jumba kama hilo itajuaje sehemu yake ya moshi? Haina mita ukutani. Ina ankara tu.

Njia ya kwanza iliyotumika, na ambayo bado hutumika, ni kuchukua fedha zilizolipwa na kuzizidisha kwa namba fulani ya kilo za gesi kwa kila dola. Mtunza hesabu yeyote huona ubovu wake mara moja. Kampuni ikipewa punguzo la bei, moshi wake unapungua katika karatasi. Bei ikipanda, moshi unapanda, wala hakuna taa hata moja iliyozimwa au kuwashwa. Ni kama kupima mavuno ya Basotu kwa kuangalia bei ya ngano sokoni Arusha.

Njia ya pili hufuata kazi yenyewe. Ankara za wakodishaji hueleza kila huduma, saa zilizotumika, na mji ambamo jumba limo. Kutoka katika saa hizo hukadiriwa umeme. Umeme huo huzidishwa kwa namba inayoonyesha upotevu wa jumba zima, yaani feni, taa na kupoza. Kwa wastani wa majumba duniani namba hiyo ni kati ya 1.5 na 1.6, na kwa Google ni karibu 1.1. Kisha huzidishwa kwa kiasi cha gesi kinachotoka katika kila kilowati-saa ya nchi ile, na mwisho huongezwa fungu dogo la gesi iliyotoka siku mashine zilipokuwa zinatengenezwa kiwandani.

Natoa mfano wa darasani. Kompyuta moja ya wati 200 ikiwaka mwaka mzima hutumia kilowati-saa 1,752. Tukizidisha kwa 1.5 kwa ajili ya jumba, tunapata 2,628. Ikiwa iko katika nchi ambayo umeme wake unatoka zaidi katika maji na nyuklia, na kila kilowati-saa ina gramu 50 za gesi, mwaka mzima ni kilo 131. Kompyuta ile ile, ikifanya kazi ile ile, katika nchi ya makaa ya mawe yenye gramu 700, ni kilo 1,840. Mashine haikubadilika. Kilichobadilika ni kizidishi, nacho hakimo ndani ya kompyuta wala ndani ya ankara. Mtu amekikalia mahali akakiandika katika jedwali, pamoja na mwaka wake. Hapa kwetu Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza mwaka 2024 na kukamilisha yote mwaka 2025. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitoka katika gesi ya Mtwara na Lindi. Anayezidisha umeme wa ghala la Endasak kwa kizidishi cha mwaka 2019 anatuandikia moshi ambao hatuutoi tena.

Kazi hii ilikuwa ikifanywa kwa mkono, na watu walichoka. Microsoft ilitoa chombo chake cha hesabu hizo mwaka 2020, Google mwaka 2021, Amazon mwaka 2022. Mwaka 2021 kampuni ya Thoughtworks ilitoa programu ya wazi, isiyolipiwa, ambayo husoma ankara za wote watatu na kuzipigia hesabu kwa kanuni moja. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kawaida: programu za kampuni zikaunganishwa na vyombo hivyo, zikawa zinavuta namba usiku, zinazipanga, na asubuhi zinaziweka ndani ya taarifa. Kazi ya wiki mbili ikawa ya dakika.

Mimi siipingi kazi hiyo. Aliyejumlisha mizania ya vyama vingi kwa mkono hawezi kuichukia mashine ya kujumlisha. Lakini nawaomba msikilize yaliyotokea, maana hayakutokea kwa watu wajinga.

Kwanza, wakodishaji hawakuhesabu kwa namna moja. Umeme wa jumba unaweza kuhesabiwa kwa hali halisi ya gridi ya nchi ile, au kwa mikataba na hati za umeme safi ambazo mkodishaji amezinunua, pengine kwa ajili ya mtambo ulio mbali kabisa na jumba. Hesabu ya kwanza inaweza kuwa tani mia na ya pili ikawa sifuri, na zote mbili ni halali. Mwongozo wa mwaka 2015 wa utaratibu niliousema unataka zote mbili zionyeshwe, panapokuwa na hati za namna hiyo. Chombo cha Amazon kwa miaka yake ya mwanzo kilionyesha hesabu ya aina ya pili tu, tena kikachelewa miezi mitatu, na hakikuingiza moshi wa kutengeneza mashine zenyewe. Programu inayovuta namba haiulizi maswali hayo. Inachukua tani za huyu na tani za yule inazijumlisha, kama karani anayejumlisha debe na pishi.

La pili ni dogo kwa macho, nami naliona kubwa kuliko yote. Mwezi ambao namba haikufika, programu nyingi huandika sifuri. Nafasi tupu ina maana ya "hatujui". Sifuri ina maana ya "tulipima, hapakuwa na kitu". Mtu mwenye kalamu anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa, kwa sababu akifika kwenye nafasi tupu mkono wake unasita. Mashine haisiti. Na kwa kuwa sifuri inapendeza machoni pa mwenye kutoa taarifa, hakuna anayeharakisha kuisahihisha.

Ndugu zangu, sasa turudi nyumbani. Kuna chama kimoja cha msingi katika wilaya zetu hizi mbili, sitakitaja na katibu wake amenisamehe, ambacho kilijaza fomu ya mnunuzi kwa simu. Penye "dizeli ya mashine" kiliandika 14. Katibu alimaanisha madumu kumi na manne ya lita ishirini, maana ndivyo alivyonunua na ndivyo stakabadhi ilivyosema. Programu ilisoma lita. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa kiasi cha kilo 2.7 za gesi ya ukaa. Kwa hiyo badala ya lita 280 na kilo 756, ziliingia lita 14 na kilo zisizofika 38. Namba hiyo ilivutwa, ikajumlishwa, ikachapishwa katika taarifa yenye picha nzuri za mashamba. Mwaka uliofuata katibu aliandika lita, kama inavyotakiwa. Mnunuzi akaleta barua ya kuuliza kwa nini chama kimeongeza moshi mara ishirini, na kama kina mpango wa kujirekebisha.

Tulicheka hapa ofisini. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu barua ilisema pia kwamba wauzaji wenye ongezeko kubwa watafikiriwa upya katika mkataba. Chama kiliokolewa na kitu kimoja: stakabadhi za kituo cha mafuta zilikuwa zimebandikwa katika daftari, kila moja na tarehe yake. Tulizipiga picha tukazituma. Laiti zisingekuwepo, neno la mashine lingekuwa ndilo neno.

Wazee waliomo humu wanaijua habari ya Mulbadaw, nami naikumbusha kwa ajili ya vijana. Mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalipopanuka katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, kijiji cha Mulbadaw na wananchi wake walifungua shauri kudai ardhi yao. Walishinda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, ikawanyima. Kijiji hakikuwa kimethibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile. Watu walikuwa wamechunga na kulima pale, makaburi ya wazee wao yakiwa pale, na uthibitisho uliotakiwa haukuwapo. Sisemi kwamba hesabu ya dizeli ni sawa na ardhi. Nasema tunakaa katika wilaya ambayo imekwisha kuona namna jambo la kweli linavyoshindwa kwa kukosa kumbukumbu.

Upande wa pili wa hesabu hii umo Mbulu kwenyewe, na wajumbe wa Yaeda Chini waliomo humu wanaufahamu kuliko mimi. Kampuni ikisha kujumlisha moshi wake, wa kompyuta na wa mengineyo, huweza kununua vyeti vya kaboni. Cheti kimoja ni tani moja ya gesi iliyozuiwa isitoke au iliyoondolewa hewani. Katika Bonde la Yaeda, Wahadzabe wa Mongo wa Mono na Domanga walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na juu ya msingi wa hati hiyo ukajengwa mradi wa kuuza vyeti hivyo, wakishirikiana na kampuni ya Carbon Tanzania chini ya kanuni za Plan Vivo. Baadaye mradi ulipanuliwa hadi vijiji vingine vya Mbulu na Karatu kuelekea Ziwa Eyasi. Walinzi waliochaguliwa na vijiji hutembea porini, wakaandika miti iliyokatwa, mashamba mapya yaliyofyekwa, na wanyama waliowaona. Picha za setilaiti huangalia kutoka juu kama mbuga imepungua. Fedha huenda vijijini, na mkutano wa kijiji ndio unaoamua kama zitakwenda kwenye karo, matibabu au posho za walinzi.

Angalieni basi jinsi namba mbili zinavyokutana. Moja imevutwa usiku na programu kutoka katika jumba la kompyuta, wala hakuna jicho la mtu lililoiona. Nyingine imetembewa kwa miguu katika jua la Yaeda. Zikiwekwa pamoja, ile ya kwanza ndiyo inayoamua vyeti vingapi vitanunuliwa. Ikiandikwa ndogo kuliko ilivyo, kwa sababu ya sifuri au kwa sababu ya hati za umeme, mnunuzi anahitaji vyeti vichache na Domanga wanapata fedha pungufu. Wala hawatajua kamwe kwa nini. Tena mnunuzi asiseme kwamba kununua kwake kumeufuta moshi. Utaratibu wenyewe unataka moshi uandikwe wote jinsi ulivyo, na vyeti viandikwe mahali pake, mbali.

Upande wetu nao unatazamwa. Januari 2023 magazeti ya The Guardian la Uingereza na Die Zeit la Ujerumani yalichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyeti vingi vya misitu ya tropiki vilivyothibitishwa na shirika moja kubwa havikuwa na upunguzaji wa kweli nyuma yake. Vyeti vya Yaeda viko chini ya kanuni za shirika jingine. Hata hivyo wanunuzi wengi waliingiwa na wasiwasi juu ya vyeti vya misitu kwa jumla. Serikali yetu ilikuwa imekwisha kutoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Yeyote anayewajia kijijini na mkataba wa kaboni bila kupitia huko, mpeni maji ya kunywa na mumwonyeshe njia ya Morogoro.

Sasa, barua za wanunuzi. Msimamo ninaoupendekeza kwa Chama Kikuu ni kwamba tusikatae. Anayekataa ataandikiwa namba na mtu mwingine, kwa wastani wa nchi nzima au wa bara zima, na wastani huo haumjui. Lakini chama kisifungue mlango wa daftari lake kwa programu ya mtu yeyote kabla halmashauri ya chama haijakaa na kuandika katika mihtasari ni vitu gani vinavyochukuliwa, kwa kipimo gani, na nani anaruhusiwa kurekebisha baada ya kosa kuonekana. Hili la marekebisho halimo katika barua yoyote niliyoisoma. Zote zinaeleza namna namba itakavyokwenda kwa mnunuzi, hakuna inayoeleza namna itakavyorudi ikiwa imekosewa. Nimeomba mwanasheria wa Chama Kikuu aandike kifungu hicho.

Kabla ya namba kuingia katika kompyuta iwe imekwisha kuandikwa katika daftari, na pembeni yake kipimo: lita, siyo dumu, kilo, siyo gunia, kilowati-saa, siyo shilingi za umeme tulizonunua kwa simu. Najua kwamba umeme wa malipo ya kabla huja na risiti yenye kiasi cha uniti. Msiitupe, uniti hizo ndizo kilowati-saa zenyewe. Pasipopimwa paandikwe "haikupimwa". Nimewahi kuona katibu anaona haya kuandika maneno hayo, akaandika namba ya mwezi uliopita. Hiyo ni mbaya kuliko nafasi tupu, maana inafanana na ukweli.

Wapo wanaosema, na wanasema kwa haki, kwamba daftari la karatasi nalo si ngome. Tuko Katesh. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, watu zaidi ya themanini walipoteza maisha, na pamoja nao zilikwenda nyumba na kila kilichokuwamo. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiri juu ya leja. Baada ya siku zile nimeacha kuyadharau hayo majumba ya mbali. Nakala iliyoko Cape Town haisombwi na tope la Hanang. Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ambao Tume ya Maendeleo ya Ushirika imetuletea, una faida hiyo pamoja na nyingine nyingi. Ninachokiomba ni kwamba nakala iwe yetu na tuweze kuisoma bila kuomba ruhusa. Chama kimoja cha mkoa jirani kilitunza takwimu zake zote za wakulima ndani ya programu ya mnunuzi. Mnunuzi alipofunga ofisi, simu zikafungua ukurasa mweupe. Misimu minne ilikwenda namna hiyo. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa wamefikiria daftari lililo nyumbani kwa mtu mwingine.

Mkaguzi wa COASCO anapokuja huanza na stakabadhi, kisha leja, ndipo mizania. Hesabu ya moshi nayo yafaa ikaguliwe kwa mpangilio huo huo. Huko Ulaya wakaguzi wanaanza kudai hivyo kwa kampuni: programu isitoe namba tu, itoe pia ankara ilikotoka, kizidishi kilichotumika na mwaka wake, ili mtu wa tatu aweze kurudia hesabu akafika pale pale. Mimi naliona jambo hilo kuwa la kiushirika kabisa, ingawa waliolibuni hawakuwa na ushirika akilini.

Ndugu Mwenyekiti, naomba niishie hapo nijibu maswali.

Maswali ya wajumbe

Mjumbe kutoka Haydom aliuliza kama chama kinaweza kumtoza mnunuzi kwa hesabu hizi, kwa kuwa ni yeye anayezihitaji. Jibu: hakuna sheria inayokataza, na kwa maoni ya msemaji ni haki, maana mnunuzi analipa watu wa programu na analipa wakaguzi, na anayepima ndiye pekee asiyelipwa. Lakini chama kimoja kikidai peke yake kitaachwa. Jambo hili litafaa tu likiletwa na Chama Kikuu kwa niaba ya wote wakati wa majadiliano ya bei.

Mama mmoja mwanachama kutoka Balang'dalalu aliuliza juu ya ng'ombe, kwa kuwa amesikia redioni kwamba nao wanahesabiwa. Jibu: ni kweli, kwa ajili ya gesi ya methani inayotoka katika kucheua. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2006 ilimpa kila ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa kilo 31 za methani kwa mwaka, na wa maziwa kilo 46. Ng'ombe wa Barbaig aliyetembea hadi Ziwa Basotu kunywa maji na ng'ombe wa zizini wa nchi nyingine wanapewa namba moja, kwa sababu hakuna aliyewapima wetu. Mama huyo alisema wake anamjua uzito, alimpima mnadani. Msemaji alimwomba alete karatasi ya mnada.

Katibu wa chama kimoja cha Mbulu aliuliza ni nani atakayelipa muda wa katibu wa kuandika daftari hili jipya, kwa kuwa posho ya sasa haikulihesabu. Msemaji alikiri kwamba makisio ya mwaka huu hayana fungu hilo. Mwenyekiti aliagiza liingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na akawataka makatibu wote walete kabla ya siku hiyo orodha ya saa walizotumia kujaza fomu za wanunuzi, zikiwa zimeandikwa kwa tarehe.